Kungoja Chumvi ya Ludara Ikauke

Watu wakiniuliza nilifanya nini mwaka ule chuo kikuu kilipofungwa, huwa najibu kwamba nilisoma. Nimelisema hilo mbele ya wanafunzi wangu, na nimelikubali lilipoandikwa nyuma ya kitabu changu kimoja, kwa maneno ya heshima zaidi kuliko haya. Si kweli. Nilikaa kiangazi kizima nje ya Koboko, upande wa Ludara, nikitazama matope yakikauka. Kitabu nilikuwa nacho, na kilinifaa: tulikiweka chini ya jeki isizame.

Mahali penyewe ni mbuga isiyoota kitu. Mvua zikinyesha huwa ziwa la kufika magotini. Zikikoma, maji hurudi chini polepole na kuacha juu ukoko mweupe wa chumvi. Ng'ombe huja kuulamba, na wanawake wa Koboko huja kuukwangua, wakachuja ule udongo kwa maji na kuyachemsha. Miaka ya kawaida walifanya hivyo kwa ajili ya ladha tu, maana wazee walisema mboga ya kunde haina maana bila chumvi ya mbuga. Mwaka ule chumvi ya dukani ilikuwa imepotea kabisa, pamoja na sabuni, sukari na baadhi ya wenye maduka, kwa hiyo haikuwa tena suala la ladha.

Baba yangu aliitaka mbuga hiyohiyo kwa jambo jingine. Alikuwa fundi wa magari Arua, mtu wa Pajulu, na nyuma ya gareji alikuwa amefufua gari dogo lililoachwa na mwalimu mmoja wa kigeni aliyeondoka nchini kwa haraka. Aliling'arisha, akalipunguza uzito, akang'oa viti vya nyuma. Mshale wake wa mwendo ulifanya kazi vizuri, ila ulikuwa haujawahi kuvuka katikati. Barabara ya Arua kwenda Koboko ilikuwa na makunyanzi, mashimo, mbuzi na vizuizi vya askari. Hakuna aliyeweza kukimbia humo, lakini mbuga ikikauka huwa ngumu na tambarare. Baba alitaka kitu kimoja tu: kuuona mshale ule ukilala upande wa pili, kwa macho yake mwenyewe, kabla macho hayajafumba. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kuwa jeupe kwa mtoto wa jicho, na la kulia lilianza kufuata. Muuguzi wa Arua alimwambia kiangazi hicho bado angeona. Cha pili, hakuahidi.

Ndiyo maana tukahamia Koboko kwa mama mkubwa, dada ya marehemu mama yangu. Alikuwa Mnubi wa Koboko hasa, mwenye leso safi na ulimi usiopumzika, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanawake wa chumvi. Baba alikuwa shemeji yake, kwa hiyo utani ulikuwa haki yake.

"Shemeji," alimwuliza siku tuliyofika na gari, "wewe unataka kukimbia. Nani anakufukuza?"

Wanawake wote wakacheka, halafu wakanyamaza kwa pamoja, maana mwaka ule kila mmoja alimjua mtu aliyefukuzwa kweli.

Sasa, mbuga inakuwa tayari lini? Mimi, msomi, nilidhani swali hili lina jibu. Kila asubuhi mama mkubwa aliingia hatua chache, akachuchumaa, akachukua unga mweupe kwa ncha ya kidole, akaulamba huku amefumba macho. "Bado inauma," alisema, na wanawake wakarudi nyumbani na vikapu vitupu. Baba naye alisimama pembeni, akidondosha jeki kutoka usawa wa kiuno na kusikiliza kama chini kumekauka. Mchunga ng'ombe mmoja aliyepita alituambia tutazame kwato. Nilitazama kwato, nikasikiliza jeki, nikalamba chumvi. Nilichopata ni kuharisha.

Halafu asubuhi moja mama mkubwa alilamba, akafumbua macho, akatangaza kwa sauti ya kusikika na wote: "Iko tayari!"

Baba alikuwa na jeki mkononi. Nilimwona akiitazama, halafu akamtazama shemeji yake, halafu akairudisha jeki ndani ya gari bila kuidondosha. Ilinichukua miaka kuelewa. Dada mkubwa wa mkeo akisema jambo mbele ya wanawake wenzake, wewe shemeji huwezi kwenda kulipima tena mbele ya macho yao. Ni kama kumwambia amesema uongo. Kwa hiyo baba alivaa kofia yake, akawasha gari, akaingia mbugani kwa adabu zote.

Alizama hadi kwenye ekseli. Ukoko ulikuwa mweupe na mzuri, lakini chini yake kulikuwa na uji. Nilijifunza siku hiyo kwamba chumvi huchanua kwa sababu maji bado yanapanda. Kinachoufurahisha ulimi ndicho kinachomeza magurudumu.

"Mimi nilisema chumvi iko tayari," mama mkubwa alilalamika, huku akichimba kwa jembe pamoja na wenzake, leso imelowa matope. "Nani alikuambia chumvi ni barabara?"

"Wewe ulisema tayari, shemeji."

"Nikisema chakula iko tayari, utapanda juu ya sufuria?"

Alicheka kuliko wote, lakini aibu ilimkaa. Jioni ile, tukila kunde zisizo na chumvi, alitoa amri: hakuna mwanamke atakayekwangua mbuga mpaka shemeji akimbie. Wakikwangua kabla, wangeacha vijishimo kila mahali, na gari lingepinduka. Mwanamke mmoja jirani aliuliza watoto wale nini. "Wale kunde," alijibu mama mkubwa. "Huyu mutu amebeba wanawake wangapi wa uchungu mpaka hospitali kwa gari yake? Wewe mwenyewe, ulizaa mle ndani. Nyamaza."

Tukangoja upya. Wanawake walichoma nyasi na kuchuja majivu kupata kitu cha kudanganyia mboga. Wakipita karibu na mbuga waliitazama kama watu wanavyoitazama nyama iliyo kwenye sahani ya mwenzao. Upepo ulikuwa ukiichukua chumvi kidogo kidogo, na sisi tulijua kwamba inaachwa kwa ajili yetu.

Wakati huo baba aliniambia nitakuwa macho yake. Nitakaa kando yake na kusema "kulia" au "kushoto", kwa sababu upande wa kushoto haoni kabisa na mbele anaona weupe kama wa maziwa. Tulifanya majaribio kwenye njia pana iliyo nyuma ya soko. Naomba mnielewe: nilikuwa nimesoma falsafa, na mtihani niliufaulu. Lakini hadi leo nisiposhika kalamu siujui mkono wangu wa kulia. Nilipiga kelele "Kulia! Kulia, baba!" huku nikionyesha kushoto kwa kidole ambacho hakukiona, na tukaingia katika uzio wa mtu. Kuku mmoja hakupona.

"Chuo wanafundisha nini?" baba aliuliza, akitoa matete usoni.

"Mambo mengine."

"Naona."

Siku chache baadaye alinifunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Nilitembea na uzi huo Koboko nzima, na wanawake waliuliza kama nimechumbiwa.

Kisha mbuga ikakauka. Hata mimi nililiona hilo. Ng'ombe walipita na kwato hazikuacha alama. Ukipiga kisigino, sauti ilirudi kavu kama ya sahani. Mama mkubwa hakulamba tena, alikuja na jembe lake, akalipiga chini na likaruka. "Shemeji," alisema, safari hii kwa sauti ya chini ili asisikike na wote, "pima wewe mwenyewe."

Baba alidondosha jeki. Iligonga na kudunda. Aliinamisha kichwa, akasikiliza muda mrefu kuliko sauti yenyewe.

"Bado," alisema.

Kesho yake tena: bado. Na iliyofuata. Nilichanganyikiwa kabisa. Nilidhani kuna kipimo cha nne nisichokijua. Nilidhani anamwogopa shemeji yake, au ananiogopa mimi na mkono wangu. Mara moja nilimkuta peke yake ndani ya gari, limezimwa, uso ameusogeza karibu kabisa na dashibodi, akiligeuza jicho la kulia huku na huku mbele ya mshale kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Nilikohoa. Akaanza kufuta vumbi kwenye kioo cha mshale, kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Nami nikaanza kuangalia matairi, ambayo sikuyajua.

Ile wiki wanawake waliacha kutusalimia kwa kirefu. Mama mkubwa hakuvunja neno lake, lakini sahani ya baba aliiweka mezani kwa kishindo.

Ndipo baba akasema anakwenda Arua kutafuta plagi. Alipanda lori la tumbaku na kuliacha gari, jambo ambalo lingepaswa kuniambia kitu. "Uangalie mbuga," alinipa kazi. "Nikipiga simu, uniambie hali yake." Simu ilikuwa moja, katika ghala la chama cha ushirika, na karani alikuwa akituma mtu aje kuniita.

Nilikwenda mbugani kila asubuhi. Nilipiga kisigino mpaka kikauma. Ilikuwa ngumu, nyeupe, sawa kama meza, mpaka kule mwisho ambako hewa ilicheza. Hakuna mahali katika maisha yangu niliwahi kupaona pakiwa tayari namna ile. Nilikaa ndani ya gari upande wa abiria, nikajiona tukienda, nikapaza sauti kwa kujaribu, "Kushoto!", na mkono wenye uzi ndio ulioinuka.

Simu ilikuja mchana, jua likiwa kali. Mama mkubwa alinifuata hadi ghalani akiwa na kikapu kichwani, akasimama mlangoni. Mwunganishaji wa simu wa Arua alisema, "Ongea, mzee," na sauti ya baba ikaja kutoka mbali, akipiga kelele kama ilivyokuwa desturi.

"Niko hospitali," alisema. "Wameangalia na jicho ile ingine."

"Wanasema nini?"

"Wanasema nisishike usukani tena. Hata leo." Waya ulikwaruza. "Lakini watu wa Koboko hawajui hayo. Mbuga iko namna gani?"

Kwa miaka mingi nimejiuliza alikuwa akitaka jibu gani. Nilimtazama mama mkubwa. Hakunisaidia, alikuwa akikiweka sawa kikapu chake.

"Bado, baba," nilisema.

"Bado?"

"Chini iko maji."

Nilimsikia akipumua, na nyuma yake mtu wa hospitali akiita jina la mgonjwa mwingine.

"Hata kisigino kinaingia?"

"Kinaingia."

"Basi," alisema, na hakupiga kelele tena, hata nikalazimika kubana simu sikioni. "Mwambie shemeji yangu wakwangue. Watoto wamekula kunde vya kutosha."

Nilimgeukia mama mkubwa nimwambie, lakini alikuwa amekwisha toka mlangoni, na nilimsikia nje akiwaita wenzake wachukue vikapu.

"Madamu," mwunganishaji aliuliza, "umemaliza?"

Nilikuwa nimeishika simu kwa mkono wenye uzi mwekundu, na bado nimeibana sikioni.