Siku Antena Yangu Ilipomuumbua Mjomba

Jamani, nawahadithia mwenyewe kwa sababu mlichosikia ni nusu tu, tena nusu ya watu wa Kawe walioitia chumvi mpaka ikawa kachumbari, na mie nimechoka kupita sokoni hapa Boko watu wananiuliza "Zai, sare zimeisha?" halafu wanaangua kicheko. Aibu niliyoipata siku ile, ningeliona shimo ningeingia nikajifukia mwenyewe.

Mnanijua mie ni fundi cherehani, mambo ya umeme nimeyaanza ukubwani. Kaka mmoja wa Kigamboni aliniletea suruali ya kupunguza, akiwa anasubiri akanionyesha kwenye simu watu wanavyoongea nchi nzima kwa redio za upepo, kwa kujifurahisha tu, bila bando wala mnara, ni wewe na waya wako. Nikapagawa. Nikasoma, nikafanya mtihani, nikapata leseni na jina langu la hewani (herufi na tarakimu, kama namba ya gari vile), nikanunua redio kuukuu nzito kama jiwe la kusagia, nikavuta waya kutoka dirisha la chumba changu ukakatiza uwanja mzima mpaka kwenye mnazi wa ukutani. Hiyo ndiyo antena. Mama yeye alishaamua ni kamba ya nguo, kila nikirudi kazini nakuta mashuka yananing'inia.

"Mama, hiyo ni antena!"

"Antena gani isiyoonyesha hata taarifa ya habari? Niache nianike."

Ubaya ni kwamba hakuna aliyekuwa ananijibu. Naita weee, nasikia chwaaa tu, na siku nikijibiwa ni yule yule kaka wa Kigamboni, ambaye hata simu tungepigiana.

Basi ikafika siku ya posa ya mdogo wangu Mwanne. Sie asili yetu Newala, kwetu mjomba ndiye mwenye neno, na Mjomba Chilumba anaipenda kazi hiyo kuliko kula. Ukweli, kijana mwenyewe, wa Kawe, tulishamkubali kitambo, Mama anamwita mwanangu, na sare za harusi nimezishona mwenyewe nikazipiga pasi. Lakini si mnajua mambo yetu, mtoto wa kike hatolewi kama karanga za kuonja. Wageni wakija lazima mgome kwanza, mzee akune kidevu, aseme hatuwajui, mtoto bado mdogo, tutafikiria. Ukikubali upesi, siku akigombana na mumewe huko ataambiwa "kwenu walikuwa wanatafuta pa kukutupa." Kwa hiyo heshima ya Mwanne yote ilikuwa mdomoni mwa Mjomba.

"Leo wote sura za msiba," alituamuru asubuhi. "Na wewe Zai, hilo dude lako nisilisikie."

"Hulisikii, Mjomba."

Wageni wenyewe wangeenea kwenye mikeka, lakini Mjomba na maiki hawaachani, akakodi turubai na maspika mawili, na nyaya za maspika zikapita chini ya antena yangu kabisa. Kaka wa Kigamboni alishanionya kwamba ukirusha sauti karibu na spika inaweza ikaingia humo. Nililikumbuka hilo? Wapi!

Kazi yangu ilikuwa kukaa chumbani mpaka niitwe nipeleke chai. Nikasema acha nisikilize kidogo tu, kusikiliza si kosa. Nikafunga dirisha, nikawasha feni, nikavaa hedifoni. Si nikamsikia mzee mmoja anaita kutoka Songea, sauti safi utadhani kakaa kitandani kwangu! Nikajiambia namsalimia tu basi. Nikabonyeza.

"Shikamoo mzee, hapa ni Dar, Boko."

"Marahaba binti! Nakupata vizuri sana. Habari za huko leo?"

Machozi yalinilenga, wallahi. Songea! Kwa kamba ya nguo ya Mama! Na furaha ikizidi mdomo hauna breki, nikamwaga kila kitu.

"Leo tuna posa, mzee wangu. Wageni wako nje jasho linawatoka, mjomba wangu anajifanya simba, na kijana mwenyewe tulishamkubali zamani! Sare nimeshashona, za njano, ziko kabatini hapa. Mjomba akizidisha maringo, Mama atampeleka mtoto Kawe mwenyewe, tena na vyombo juu!"

Mzee akacheka, nikacheka, tukaagana. Nikavua hedifoni. Kimya. Nikadhani wako kwenye dua, nikabeba sinia la chai na vitumbua, nikatoka kwa madaha, macho chini, sura ya msiba kama nilivyoagizwa.

Watu wote wananitazama mie.

(Haya nilisimuliwa baadaye.) Mjomba alikuwa amefika pale pa "nyie watu hatuwajui, hata jina lenu ndiyo tunalisikia leo," mara maspika yakakoroma, ikatoka sauti yangu. Akaitikisa maiki. Akaizima. Mie naendelea! Mpaka anachomoa waya wa maspika, nimeshafika kwenye vyombo.

Mshenga wao, mzee mmoja wa kofia, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hiyo njano ni ya limau au ya embe?"

Turubai zima likalipuka. Mama kajifunika kanga, mabega yanamtikisika. Lakini nikamwona Mwanne pale mlangoni, yeye hacheki, mdomo unamtetemeka, na moyo wangu ukaniuma kweli kweli.

Mshenga naye alimwona. Akasimama. "Tulijiandaa kukutana na watu wagumu, kumbe mnatupenda. Basi na mie niseme ukweli, mama mkwe huko Kawe kashanunua kitanda na mapazia, tofauti ni kwamba sie hatuna redio." Wamama wakapiga vigelegele, na Mwanne akacheka, huku anajifuta machozi.

"Ila desturi ni desturi," akaendelea. "Leo tulipochelewa kufika mlitutoza faini. Sasa nyie mmevunja kikao."

"Mtozeni huyo!" Mjomba akanielekezea maiki iliyozimwa. "Kama ana kitu!"

"Anao waya," akasema Mama, haraka kabla hajatokea mwingine wa kusema.

Ikapita bila mpinzani: mpaka harusi ipite, antena ni kamba ya nguo, na mie nisirushe hata neno. Nimekoma. Hata harusi ikishapita, sitabonyeza kitufe kabla sijazunguka mtaa mzima kuangalia kama kuna spika.

Jana nilikuwa nasikiliza tu, nikamsikia mzee wa Songea ananiita, anaita tena, anataka kujua posa iliishaje. Nikafungua dirisha nikatazama juu. Mama kazifua sare zote eti zitoke ugumu wa dukani, kaziweka kwenye antena yangu mwanzo mpaka mwisho, za njano, na bado zinachuruzika maji.