Kiondo cha Thelathini

Wangu alifikisha miaka sitini na moja kabla ya kuambiwa kwamba ana hobi. Aliyemwambia ni mwanawe Ngigi, anayekaa mtaa wa Section 58 na kuuza simu mjini Nakuru, na alimwambia siku ileile aliyoamua kuigeuza hobi hiyo kuwa biashara. Kwa hiyo mama wa watu alikuwa na hobi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Kabla ya hapo, kusuka viondo hakukuwa na jina. Ilikuwa tu kazi ya mikono mdomo ukiwa na shughuli zake. Alisuka akienda kanisani, alisuka kwenye foleni ya zahanati na kwenye mikutano ya mazishi, alisuka akitembea barabara ya kijijini kwao Bahati na nyuzi za mkonge zikining'inia mbele yake kama ndevu za beberu. Na mara zote alikuwa na Njoki, jirani yake wa ng'ambo ya ua wa michongoma, ambaye Wangu humwita Mama Lewis, naye humwita Wangu Mama Ngigi. Kwa miaka thelathini na minne wawili hao waliisuka Bahati nzima: nani kaoa, nani katoroka, ng'ombe wa nani kala kabichi za nani. Kiondo kikiisha kilipewa mtu, mkaza mwana au mkunga au mke wa pasta. Hakikuuzwa hata kimoja, na havikufanana hata viwili, maana hadithi ikinoga mkono hulegea. Ukiona kiondo cha Njoki kimevimba mahali, ujue hapo palikuwa na maneno.

Basi Ngigi akapiga picha, akaiweka mtandaoni, na mwanamke mmoja wa Nairobi, mwenye duka la kupamba nyumba za watu wasiopenda vitu vingi, akaagiza viondo thelathini. Vyote viwe na upana wa sentimita thelathini na tano, rangi ya mchanga na rangi ya majivu basi. Nyekundu marufuku.

"Wanataka kitu simple, Mum," Ngigi alieleza. "Kitu authentic."

"Authentic ni nini?"

"Ni ile ya kienyeji kabisa. Lakini zote zifanane."

Ngigi akamnunulia mamake futi ya fundi wa nguo, kiti cha plastiki na balbu, akaanza kumwita CEO. Kuku wakahamishiwa jikoni, na CEO akahamia chumba cha kuku.

Tusimnyime haki yake, alianza vizuri. Viondo vitano vya kwanza alivisuka akiimba. Cha sita alikisuka kimya, maana ukiimba unapoteza hesabu na kiondo kinafika thelathini na saba. Kufikia cha kumi alikuwa ameacha kwenda mikutano ya akina mama. Alipofika cha kumi na mbili aliota anasuka, akaamka amechoka kama mtu aliyesuka kweli, tena bila kiondo cha kuonyesha.

Ndipo Ngigi akasema waajiri mtu. Nani mwingine kama si Njoki? Akaja na kigoda chake, nyuzi zake, na habari za wiki tatu zilizokuwa zimemjaa kifuani.

"Mama Ngigi, umesikia ya yule mzee anayetusagia unga posho mill?"

"Ngoja nihesabu, Mama Lewis."

Akangoja. Akaanza tena, akaambiwa angoje tena. Siku ya nne Njoki alisema afadhali asukie kwake nje, kwenye hewa. Wangu alishukuru kimoyomoyo, na jambo hilo analionea haya mpaka leo.

Baada ya wiki mbili Njoki alileta kiondo chake cha kwanza. Kilikuwa kiondo kizuri, cha kurithiwa. Wangu akachukua futi, akapima. Thelathini na nane. Na katikati palipita mstari mmoja mwembamba, mwekundu.

"Na hii red ni ya nini?"

"Hapo ndipo Lewis alinipigia simu. Bibi yake amejifungua msichana." Njoki alikuwa anatabasamu uso mzima. "Nimezaliwa, Mama Ngigi! Ningesuka na majivu?"

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kwao, msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na nyanya huhesabu kwamba amezaliwa upya. Wangu hakuwa amesikia. Jirani wa ng'ambo ya ua, na hakuwa amesikia.

"Hongera," alisema, macho yakiwa bado kwenye futi. "Lakini hii watakataa, Mama Lewis. Walisema thirty-five."

Akamrudishia kiondo chake. Njoki alikipokea, akachungulia ndani. Akachungulia mara ya pili, akapitisha mkono mpaka kwenye kitako.

"Sawa, Madam," akasema, akaenda zake.

Hakuja tena. Kanisani alimsalimia Wangu kwa ncha za vidole. Wangu akadhani ni mambo ya pesa, akamtumia malipo ya kile kiondo kwa simu, na malipo yakarudishwa chai haijapoa. Ngigi akasema biashara si ya marafiki. Mamake akarudi chumba cha kuku, na kwa mara ya kwanza maishani akauchukia mkonge. Aliichukia harufu yake, aliichukia rangi yake, aliuchukia hata pale ulipokuwa haujasokotwa.

Vidole vilipoanza kufa ganzi alikwenda zahanati. Daktari Jebet, msichana wa juzijuzi, alimkunjakunja mikono, akamuuliza kama analala vizuri, kama anakula.

"Hii ni stress, mathe," akasema kwa upole. "Umejifungia sana. Tafuta hobby, kitu ya mikono hivi. Hata kusuka."

Wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka, na daktari akaongeza mstari mwingine kwenye kadi yake.

Jumapili hiyo Mercyline, mke wa Ngigi, alikuja kumjulia hali. Alileta mkate na sukari ndani ya kiondo ambacho Wangu mwenyewe alimpa siku ya harusi. Wangu akavitoa, na kabla hajafikiri lolote mkono wake ulikuwa umeshaenda kabatini, umetoa mayai sita, umeyafunga kwenye gazeti na kuyatia kiondoni.

"Mum, kila saa unanipea vitu," Mercyline alilalamika. Kwao ni Kakamega, mbali na mila za huku. "Kwani nilikuja kuomba?"

"Kiondo hairudishwi empty, mtoto wangu. Ukirudishia mtu kiondo empty ni kama umemwambia asikanyage kwako tena."

Alipomaliza kusema, akayasikia maneno yake mwenyewe. Akaketi juu ya gunia la mkonge, na Mercyline, akidhani ni presha, akakimbilia maji.

Haikuwa presha, ilikuwa aibu. Sheria hiyo Wangu aliijua kabla ya kujua kuhesabu. Unatia chochote, hata kiazi kimoja, hata chumvi ya kubana kwa vidole. Hata mtu uliyekosana naye unamrudishia kiondo chake na jani la sukuma. Naye alimrudishia Njoki kitupu, siku aliyokuja Njoki kumwambia kwamba amezaliwa.

Jumatatu ilikuwa siku ya mzigo, na Ngigi angefika na gari saa nane. Viondo thelathini vilikuwa vimepangwa ukutani. Wangu akachukua cha thelathini, kizuri kupita vyote, thelathini na tano kamili. Akakijaza viazi, maharagwe na maparachichi, juu akaweka ile sukari ya Mercyline. Akapita penye mwanya wa michongoma, njia yao ya miaka yote, ambayo matawi yalikuwa yameanza kuiziba.

Njoki alikuwa nje, anasuka. Hakusimama.

"Madam."

"Nimekuja kuona mtoto, Mama Lewis."

"Mtoto ako Njoro na mamake. Amemaliza mwezi."

"Basi nimechelewa."

"Umechelewa."

Hata hivyo alikipokea kiondo, akaingia nacho jikoni. Kumimina viazi si kazi ya kuchukua muda wote ule. Wangu alisimama hapo nje. Kiondo kikitoka kitupu, basi yamekwisha, na yeye atarudi chumba cha kuku kusuka vingine thelathini, na vingine, hadi afe akiwa CEO.

Njoki akatoka. Alichobeba ni kile kiondo chake chenye mstari mwekundu, kimejaa nduma na ndizi hadi mdomoni.

"Ile yako ni ndogo," akasema. "Nduma zimekataa kuingia. Nikaona niweke kwa hii ulikataa."

Wangu akachungulia ndani. Alitaka kuomba msamaha.

"Iko na thirty-eight," akasema hatimaye, machozi yakimtiririka.

"Si ulipima." Njoki akajisogeza kwenye benchi. "Keti, Mama Ngigi. Ama bado unahesabu?"

Saa nane na robo simu ililia. Ngigi alikuwa amesimama katika chumba cha kuku.

"Mum, uko wapi? Hapa naona twenty-nine. Hiyo ingine iko wapi?"

Wangu alikuwa amebana uzi mwekundu kwa meno, na hadithi ya mzee wa posho mill ilikuwa imefika pazuri.

"Hiyo imekataliwa," akasema. "Ilikuwa ndogo."