Paskali na Chatu

Jina lake halisi lilibaki kwenye orodha ya wafanyakazi tu. Pale bohari ya dawa wote walimwita Paskali, kwa ajili ya lugha ya kompyuta aliyoitumia kuandika programu tangu ujana wake. Kwa lugha hiyo alijenga, peke yake, mfumo uliogawa dawa kwenye zahanati zote.

Jirani yake wa meza alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano, mfuasi wa Paithoni, lugha nyingine ya kompyuta ambayo jina lake kwa Kiingereza ni la nyoka chatu, naye akabandikwa jina la Chatu. Walikuwa chanda na pete, ila kwa maneno hawakuachiana. Paskali alisema lugha ya Chatu ni ya wavivu, hata nukta mkato mwishoni mwa mstari inawashinda. Chatu alijibu kwamba ya Paskali imebakiza kununuliwa sanda. Wakacheka, wakanywa chai, wakaanza upya.

Kisha macho ya Paskali yakafifia. Daktari hakumung'unya maneno: ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Mwaka wa pili alikuwa haoni herufi hata zikikuzwa kama ngumi. Chatu akasogeza kiti, akawa anamsomea programu ya mfumo ule kwa sauti, Paskali akitamka cha kurekebisha. Utani ukakoma, na hilo lilimuuma Paskali kuliko giza lenyewe.

Asubuhi moja Chatu alikuwa ametoka, simu ya mezani ikalia, Paskali akaipapasa. Alikuwa muuguzi wa zahanati, anashukuru: tangu mfumo wa zamani uzimwe, dawa haziwapungukii tena.

Chatu aliporudi, Paskali alimuuliza mfumo wake umezimwa lini.

"Miezi minane sasa, kaka. Wakubwa waliniamuru niuandike upya."

"Kwa lugha yako?"

"Kwa lugha yangu."

Paskali alingoja mwenzake ajisifu, hata kidogo tu, ili naye apate la kumjibu. Badala yake akamsikia Chatu akilia kwa kwikwi. Basi miezi minane yote alikuwa anarekebisha maiti, mtu mzima anabembelezwa kama mtoto.

Hakugombana. Aliomba mkewe apigiwe simu aje amchukue. Mkewe alipouliza kulikoni, alisema amechoka. Kesho yake hakwenda kazini, wala kesho kutwa. Chatu alimfuata nyumbani mara tatu. Paskali alimkaribisha vizuri, akamuuliza habari za watoto, kisha akageukia ukutani, akakaa hivyo mpaka mgeni alipoaga.