Odeta na vanishi inayodhaniwa imetiwa maji

Odeta Luhende haangalii sufuria. Anaangalia chupa.

Sufuria yenyewe ni pipa la chuma lenye mfuniko uliokazwa kwa bolti, linalotokota taratibu katika karakana ndogo ya vanishi eneo la Nyakato, Mwanza. Kwenye mfuniko limetoka bomba la shaba lililozungushwa ndani ya ndoo ya maji baridi. Mwisho wa bomba, maji yanadondoka tone kwa tone ndani ya chupa ya kioo. Kiunoni mwa chupa umefungwa uzi mwekundu.

"Yakifika kwenye uzi, nazima," anasema. "Yakipita, sufuria imekwenda."

Hatishi bure. Walipojaribu mara ya kwanza, mwezi Machi, mchanganyiko uliganda humo ndani kama soli ya kiatu. Odeta na wenzake waliubandua kwa patasi kwa wiki nzima. Karakana haina sufuria nyingine, na mwenye karakana, Masele, ameruhusu jaribio moja tu zaidi. Likiharibika, Odeta atarudi kwenye vanishi ya zamani na habari hii itakuwa imekwisha.

Kinachopikwa ni glisirini, chumvi ya ndimu na asidi ya mafuta ya pamba. Vikipata moto hushikana, na kila vinaposhikana hutoa maji kidogo. Ndiyo maana chupa ina habari zaidi kuliko sufuria: maji yaliyotoka yanaonyesha humo ndani kumeshikana kiasi gani.

Wazo lililetwa na Florian Rutashobya, mkemia kijana kutoka Bukoba. Molekuli za vanishi ya kawaida, anaeleza, ni ndefu kama kamba. Hizi huota matawi, matawi yakaota matawi mengine, mpaka molekuli moja inajiviringa yenyewe kama mpira.

"Aliponichorea mara ya kwanza nikamuuliza, wewe Florian, mbona unanichorea mnyaa wa uzio?" anasema Odeta, akicheka.

"Na mimi nikamwambia, dada, ni huo huo mnyaa, ila hauonekani," anajibu Florian.

Leo Odeta anaeleza kwa namna yake. Gunia la kamba ukiliinamisha, kamba zinang'ang'aniana. Gunia la ndimu ukiliinamisha, linamwagika. Vanishi yenye molekuli za matawi humwagika kama ndimu, hivyo haihitaji tapentaini nyingi ili ipakike. Kwa mtu aliyeumwa kichwa miaka mingi kwa harufu ya tapentaini, hilo si jambo dogo. Tena kila tawi lina ncha yake, na ncha nyingi hushika ubao vizuri zaidi.

Odeta, mwenye miaka 43, aliingia hapa kuosha makopo baada ya kumaliza darasa la saba huko Magu. "Nikiuliza naambiwa subiri," anakumbuka. "Basi nikawa naangalia tu." Mpishi wa zamani alipostaafu, hakukuwa na mwingine aliyekuwa ameangalia kwa muda mrefu kama yeye.

Maji yanagusa uzi. Odeta anazima moto na kufungulia maji ya kupooza. Anasubiri kipimajoto kishuke. Anafungua bolti, anachovya kijiti, anakiinua. Kimiminika cha rangi ya asali kinateleza na kudondoka chote.

"Imekubali," anasema taratibu. Kisha sauti inampanda. "Florian, njoo uone. Imekubali."

Lakini neno linalosubiriwa ni la fundi mitumbwi Nkwabi, aliyekuja kutoka mwalo wa Igombe, wavuvi wanakoegesha mitumbwi. Masele amesema fundi huyu akiikubali, vanishi itapikwa kila wiki.

"Shikamoo, fundi," Odeta anamsalimu.

"Marahaba, Mama Queen." Nkwabi anachovya brashi, anaitazama ikichuruzika. Kwa mafundi, vanishi nyepesi ina maana moja tu. "Hii umeitia maji."

"Baba, maji tumeyatoa. Yako pale kwenye chupa."

Nkwabi anaichukua chupa, anaitikisa, anainusa. Anamtazama Florian, anamtazama Odeta.

"Miaka yote nanunua vanishi, leo ndiyo naonyeshwa maji yaliyotolewa," anasema. "Haya, nipeni ubao. Ikibabuka ziwani, nauleta mtumbwi mzima nauegesha mlangoni kwako."

"Uuegeshe vizuri tu, watu wapite."

Anapaka nusu ya ubao kwa vanishi ya zamani, nusu kwa mpya. Kwenye ile mpya brashi inateleza bila kukwama, naye anarudia mkono mara mbili kama asiyeamini. Haisifii. Anauliza tu itakauka lini.

Mkono wa pili wa vanishi utapakwa kesho. Zikikauka zote, ubao utafungwa chini ya gati la mwaloni, na maji ya ziwa ndiyo yatakayoamua.

"Nataka siku moja fundi afungue kopo, aone nyepesi, aseme hii ni ya Odeta," anasema mama huyo, akifunika sufuria iliyo nzima.

Ubao unaegemea ukuta, bado unanata. Nkwabi ameiacha brashi yake ndani ya tapentaini kidogo, ili isikauke kabla ya kesho.