Uso wa Mama na Ukuta wa Chokaa

Mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa kidato cha tano katika shule ya misheni karibu na Ushirombo, wageni wa kanisa walituachia kamera ya dijitali. Ilikuwa nzito, ikihifadhi picha kwenye diski ya kompyuta, na nyuma ilikuwa na kioo kidogo cha kukuonyesha ulichopiga papo hapo. Mwalimu wa dini ndiye aliyetufundisha. Kila kipindi tulianza kwa sala, kisha akarudia lilelile: ombeni ruhusa kwanza, kwa sababu kila uso ni sura ya Mungu. Mimi subira sina. Niliona anatupotezea muda.

Siku ya wazazi mama yangu alikuja kutoka kijijini, na nia yangu ilikuwa moja tu, kumpiga picha. Alikataa. Alishawahi kupigwa mara moja, studio ya Shinyanga mjini, ikatoka gauni na meno, uso mweusi tii. Shangazi zangu walimcheka mwaka mzima.

"Niache, ng'wanone, mwanangu," alisema. "Mimi sitoki kwenye picha."

Nilimbembeleza hadi akakubali, nikamsimamisha mbele ya ukuta wa kanisa uliopakwa chokaa. Nikatazama kioo. Gauni, meno. Nikaikumbatia kamera asije akaona, nikamwendea mwalimu nimefura kwa hasira.

"Mwalimu, hiyo sura ya Mungu inatoka kwa watu weupe tu?"

Nilistahili adhabu. Yeye aliitazama ile picha, akasema, "Uso wa mama hauna kosa. Kosa ni letu. Kamera imeufuata weupe wa ukuta, ikautia uso giza. Mhamishe."

Tukamhamishia kivulini, kwenye kibaraza cha jiko, nyuma yake mlango uliopigwa moshi, mwanga wa uwanjani ukimwangukia usoni. Nilipiga, nikafuta, nikapiga tena. Ya tatu nikampa aione.

Aliisogeza kamera karibu na macho, nikaogopa kwamba ataumia kama siku ile ya studio.

"Mayu," alisema taratibu. Alikuwa akimwita mama yake, aliyefariki kabla sijazaliwa na ambaye hakuwahi kupigwa picha hata moja. "Kumbe nimekuwa yeye."

Kisha akavua kitambaa cha kichwa, akarudi mwenyewe kusimama mlangoni.

"Piga nyingine," alisema. "Yeye hakuwa akijifunga kitambaa."