Betri Zilizozoea Nusu

Mama yangu, kule Mbeya, alitulea kwa sheria moja ya jikoni: mtungi haulali mtupu. Hata ukipungua kata mbili tu, jioni lazima mtu ashuke mtoni akaujaze. Sheria hiyo niliibeba hadi Sumbawanga nilipoajiriwa fundi msaidizi wa maji, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na ndiyo iliyonitia aibu ambayo sijaisahau mpaka leo.

Ofisini kwetu kulikuwa na mashine ya kutafuta chuma. Ilikuwa na mpini mrefu, sahani ya duara chini, kisanduku cha betri cha kuning'iniza begani, na hedifoni za kuvaa masikioni. Kazi yake ilikuwa kutafuta koki za maji zilizofukiwa ardhini na kusahauliwa. Ukiiwasha inavuma taratibu masikioni, na sahani ikipita juu ya chuma inalia kwa ukali hadi unakunja uso. Nilikabidhiwa mimi, na tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyeigusa. Hata mkuu wangu wa kazi akitaka kuitazama, nilisimama ubavuni pake nikiwa nimeinyooshea mikono, kama mzazi ambaye mtoto wake mchanga amebebwa na mgeni. Nilikuwa na wivu nayo, sikatai.

Betri zake hazikuwa za kutupa kama za redio. Zilikuwa nane, kila moja unene wa kidole gumba, na zilichajiwa kwa umeme. Umeme wenyewe wa mji ulikuwa wa jenereta, unakuja saa chache za jioni na kuondoka. Basi kila nilipotoka kazini, hata kama siku hiyo nimeitumia mashine robo saa tu, nilichomeka chaja. Karatasi ya maelekezo ilisema betri zitumike mpaka ziishe ndipo zichajiwe. Niliisoma nikacheka. Nani mwenye akili zake anangoja mtungi ukauke ndipo akateke maji?

Kumbe betri za aina ile zina tabia yake. Ukizizoesha kutumika kidogo na kujazwa, kutumika kidogo na kujazwa, zinazoea hicho kidogo. Mshale wa chaja unakwambia zimejaa, nawe unaamini, kumbe ndani mna nusu, na baadaye hata nusu hamna. Nilizilea hivyo karibu mwaka mzima kwa upendo mkubwa.

Ikafika siku ya kwenda kijiji kimoja upande wa Pito. Watu wa pale walikuwa wamekusanywa na kujenga pamoja, wakawekewa bomba kutoka tangi la kilimani, na sasa bomba lilikuwa limepasuka. Kina mama walikuwa na mwezi wa pili wakiteka maji ya tope kijitoni. Ili tuzibe, ilibidi kwanza tufunge koki kubwa iliyofukiwa mahali fulani katikati ya njia. Ramani ilisema koki iko hatua thelathini kutoka kwenye mti mkubwa. Mti wenyewe ulikwisha kuwa kuni. Bomba lilikuwa la plastiki, halilii kwenye mashine. Koki peke yake ndiyo iliyokuwa ya chuma.

Njia ya bomba ilipita chini ya shamba la bibi mmoja mjane. Alikuwa amelima maharage juu ya matuta ya Kifipa, yale ya mviringo, ambayo majani mabichi hufukiwa chini yake yaoze yawe mbolea. Ukibomoa tuta moja umebomoa chakula cha mwaka huu na mbolea ya mwaka ujao. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshasema wazi: mashine ikishindwa, vijana watachimba mtaro kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho.

"Shikamoo, bibi," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Utanitafutia polepole, eeh? Maharage haya ndiyo mwaka wangu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mashine imejaa moto tangu jana. Nilisema kwa sauti, ili na watu wengine wasikie. Walikuwepo mwenyekiti, vijana wenye sepetu, na kina mama na ndoo zao tupu, kila mtu amejifunika kwa ajili ya ule upepo wa Ufipa unaopenya mpaka mifupani.

Nilianza vizuri. Sijamaliza mstari wa kwanza, mashine ikanipigia yowe, nikasimama ghafla. Kulikuwa na jembe la bibi, limelala kati ya matuta mawili.

"Bibi, jembe lako linanipasua masikio," nikamwambia. Watu wakacheka, naye akacheka. Akaliokota na kwenda kuliweka mbele zaidi, kwenye mistari ambayo sikuwa nimeifikia.

Nikaendelea. Mstari wa pili, wa tatu. Katikati ya wa nne ule uvumi wa masikioni ukafifia, ukawa mwembamba, kisha ukakatika. Nikabonyeza swichi. Nikakipiga kisanduku kwa kiganja, kwa siri, upande ambao watu hawaoni. Kimya. Nilikuwa nimetembea muda usiofika hata nusu saa.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema: jamani, betri zimekwisha, nipeni siku chache. Maneno yenyewe hayazidi kumi. Lakini nilikuwa nimejigamba mbele ya kijiji kizima, na aibu ya kijinga ikanifunga mdomo. Nikaendelea kutembea. Niliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza, nikarudi nyuma, nikapita mistari yote hadi mwisho wa shamba na kurudi, nikikisia kwa macho mti ule ungekuwa wapi. Mwisho nikasimama juu ya matuta mazuri kuliko yote, nikasema, "Hapa."

Vijana wakachimba. Walibomoa tuta la kwanza, la pili, wakapanua shimo, wakafika kifuani. Matuta kumi na moja yalikwenda, na hatukupata hata msumari. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia ndani ya shimo lile. Nikasema labda koki imezama, labda mashine inahitaji kupimwa mjini. Nikamwomba mwenyekiti anipe wiki moja kabla hawajachimba mtaro. Alikubali akiwa amenuna.

Bibi hakulalamika. Aliokota michipukizi ya maharage iliyong'olewa, mmoja mmoja, akaitia kwenye kanga yake. Mchana alituita tule. Ulikuwa ugali wa ulezi, na mboga ilikuwa majani ya maharage yale yale. Nilikula nimeinamisha macho. Nilijichukia.

Mjini nilikwenda moja kwa moja kwenye gereji ya familia moja ya Kiislamu iliyokuwa na malori. Wao walikuwa na jenereta yao ya kuchajia betri za magari mchana kutwa. Mzee wa gereji alifungua kisanduku changu, akasikiliza maelezo yangu, akatikisa kichwa.

"Umezidekeza, kijana," alisema. "Hizi hazijui tena njaa wala shibe."

Alinifundisha kuzifungua zote, kila moja peke yake, na kuiunganisha na balbu ya tochi. Unaiacha iwake mpaka balbu inakuwa nyekundu hafifu, hapo unaikata. Kisha unaichaji mchana kutwa bila kuikatiza. Kesho yake unairudia, na keshokutwa tena. Stoo ya ofisi yetu ilikuwa na nyingine nne ambazo sikuwahi kuzigusa, nikazileta nazo. Nilikaa gerejini siku zile tatu nikitazama balbu na saa. Betri tatu kati ya zile za zamani zilizima balbu mapema mno, hazikufufuka. Zilibaki tisa, nami nilitaka kuchukua zozote, mradi zitimie nane, mzee akanizuia.

"Tafuta zinazokwenda mwendo mmoja. Huwezi kufunga fahali na ndama kwenye plau moja. Moja ikichoka, zote zinasimama."

Nikachagua nane zilizowasha balbu kwa muda unaokaribiana, nne za zamani na nne mpya. Ile ya tisa niliiacha, ingawa roho iliniuma kuiacha.

Nilirudi kijijini kabla wiki haijaisha. Watu walikuwa wachache safari hii. Habari za mashine yangu zilikuwa zimepoa. Nilipita shamba lote taratibu na uvumi haukukatika. Koki niliikuta nje ya matuta kabisa, kwenye ukingo wa njia ya miguu inayopakana na shamba, chini ya rundo la magugu ambalo bibi mwenyewe alikuwa akilitupia kila msimu. Vijana walichimba kidogo tu, sepetu ikagonga chuma. Mwenyekiti akapiga makofi. Kina mama wakapiga vigelegele.

Bibi alinisogelea, akaniomba asikilize. Sijui kwa nini nilikubali. Nilimvika hedifoni juu ya kilemba chake, nikamshikisha mpini, nikamsaidia kupitisha sahani juu ya shimo. Akakunja uso, kisha akatabasamu.

"Leo inalia," alisema. "Siku ile ilikuwa imekufa."

Nilihisi damu ikinipanda usoni. "Umejuaje, bibi?"

"Mwanzoni jembe langu lilikusimamisha. Baadaye ulipita juu yake mara mbili, wala hukushtuka."

Nikamuuliza kwa nini hakunisema mbele ya watu.

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe," alijibu. "Ungesema tu, tungekusubiri. Miezi miwili hatuna maji, wiki moja ingetushinda?"

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alinionyesha kwa kidevu mahali palipokuwa na shimo la kwanza, ambalo vijana walikuwa wamelifukia ovyo, na jembe lake limelala pembeni.

Mashine nikamwachia mikononi, imewaka, nikaenda kuliokota lile jembe.