Leze Aliyerudi kwa Basi

Leze alipopata ule ufadhili wa masomo, mama yake, Drande, aligawa lokumu mtaa mzima. Pale Shiroka, kando ya ziwa la Shkodra, lokumu haiwekwi sahanini hivi hivi. Ile halua laini, vipande vyake vimepakwa unga wa sukari, ni ya habari njema: mtoto kazaliwa, binti kaposwa, mtu kapata makaratasi ya kwenda nje. Kwenye msiba unapewa kahawa tupu, unakunywa kimya, unakwenda zako. Kwa hiyo jirani akiletewa kikombe hutazama kwanza pembeni ya kikombe, ndipo ajue avae uso gani.

Ufadhili wenyewe ulikuwa wa mwaka mmoja, Ujerumani, kwa vijana wanaofanya kazi ya kutunga sera za kuhifadhi samaki, ndege, misitu na kila kinachopumua. Leze alikuwa mtumishi mdogo wa idara ya uvuvi, mwenye meza inayoyumba na jambo moja kichwani. Ziwa ni moja, nchi ni mbili. Upande wa Albania hufunga uvuvi majuma fulani ili krapi, wale samaki wanene wa magamba makubwa, watage mayai. Upande wa Montenegro hufunga majuma mengine. Samaki aliyeachwa huku anaogelea kule anakaangwa. Baba yake, mvuvi, alikufa akiwalaani wavuvi wa ng'ambo, na wa ng'ambo bila shaka walikuwa wakimlaani yeye. Leze alitaka msimu mmoja kwa ziwa zima, basi. Alikwenda kujifunza wenye maziwa ya mipakani huko walipatanaje.

Sharti lilikuwa wazi: ukimaliza, unarudi kwenu ufanye kazi angalau nusu mwaka. Majirani waliposomewa, walicheka.

"Hayo huandikwa tu," alisema Tushe, jirani wa ukuta mmoja, ambaye watoto wake wote wako ughaibuni na habari zao anazitangaza kuliko redio. "Zef wangu naye alikwenda Italia kuchuma zabibu msimu mmoja. Umemwona?"

Mwaka ukaisha, Leze akarudi. Tena kwa basi! Angekuja na gari lenye namba za Ujerumani, hata la kuazima, watu wangemsamehe. Alishuka na begi lile lile na koti lile lile, akamkumbatia mama yake mbele ya mgahawa, na wanaume waliokuwa wakinywa kahawa wakatazamana.

"Kafanya kosa gani huko?"

"Watakuwa wamemfukuza."

"Au kuna mwanamume kamwacha, maskini."

Drande alikuwa amenunua lokumu kwa siku hiyo, boksi zima. Alipofika nyumbani alilipandisha juu ya kabati la chumbani kwake, akalifunika shuka. Majirani waliokuja kumsalimu binti walipewa kahawa tupu. Wakanywa kimya, wakaenda zao. Leze aliona, na ilimuuma sana, hakuna haja ya kulipamba.

"Nimewaambia uko likizo," mama yake akamwambia. "Septemba unaondoka."

"Mama, mimi siendi kokote. Nina kazi hapa."

"Kuwaambia wavuvi wasivue, hiyo nayo kazi?"

Ilikuwa kazi, tena ngumu. Leo alitukanwa na wavuvi wa huku, kesho wa ng'ambo, na ofisini wakubwa walimwita Mjerumani kwa kejeli. Lakini rasimu ya makubaliano ya msimu mmoja ilikuwa inatembea, polepole, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiisukuma. Akiondoka, ingelala kwenye droo, na kila mtu alilijua hilo.

Mwisho wa Agosti, nusu mwaka ukikaribia kutimia, ofisi aliyofanyia mafunzo Ujerumani ikamwandikia: kazi ipo, ya kudumu, tunangoja jibu lako wiki hii.

"Kubali, mwanangu," Drande alisema. "Kaka yako wa Athene namwona kwenye simu, nimezoea. Na wewe nitazoea. Kuliko kukuona sokoni watu wanakuonea huruma."

Leze alichukua simu yake, akatoka nje.

Alhamisi Tushe akaja kunywa kahawa. Leze alikuwa jikoni, mlango wazi, kibirika mkononi.

"Binti anaondoka lini?" Tushe aliuliza. "Septemba si ndiyo hii?"

"Wiki ijayo," alisema Drande. "Wanamsubiri kwa hamu."

"Heri yake. Angebaki huku angefanya nini, kuhesabu magamba?"

Simu ya Leze ilikuwa juu ya meza, jibu limeshaandikwa: shukrani nyingi na hapana moja. Halikuwa limetumwa. Wakati huo hakufikiria krapi wala rasimu. Alifikiria kwamba mama yake atadanganya mpaka azeeke, na kila Septemba atahitaji uongo mpya. Akabonyeza, jibu likaenda. Kisha akaingia chumbani kwa mama yake, akavuta kiti, akapanda, akalishusha boksi la lokumu.

Kwao binti wa nyumba ndiye anayeandaa sinia, na sinia ikishafika mbele ya mgeni hairudishwi. Leze aliiweka mezani: vikombe, glasi za maji, na katikati sahani ya lokumu.

Tushe akatazama sahani, akamtazama Leze. "Makubwa! Kaposwa?"

Drande aliiva uso mpaka masikioni. Alimkazia bintiye macho kwa hasira, hasira ya kweli. Leze hakumsaidia. Mgeni alikuwa ameuliza, na mwenye nyumba ndiye wa kujibu.

"Hajaposwa," Drande akasema. Akakohoa. "Leze amerudi."

"Si alirudi tangu Machi?"

"Amerudi leo!" Sauti ilimtoka kama anayegomba. "Haendi tena. Mimi mmoja wangu nimempata, Tushe. Haya, kula."

Tushe alichukua kipande, akakitafuna taratibu, unga wa sukari ukamwangukia kifuani. Halafu akachukua cha pili, akakifunga kwenye leso.

"Hicho cha nani?" Drande aliuliza.

"Cha Zef," alisema Tushe. "Siku akitokea ghafla, nisikutwe sina cha kuwapa majirani."